Ufunguo wa Nyumba Nzima

Kompyuta ilikataa kumfungulia folda ya nyumbani, tena ilikataa kwa adabu. Iliandika kwenye kioo: Mashine iliyojibu upande wa pili siyo ile uliyoizoea. Huenda imebadilishwa. Huenda kuna mtu anajifanya yeye. Usiendelee mpaka uhakikishe.

Sekela Mwakalobo alisoma maneno hayo mara mbili, akaweka chini kikombe cha uji. Nje ya kidirisha cha kituo, tufani ya vumbi iliyokuwa imeifunika Mirihi kwa majuma ilikuwa inatulia, na jua la huko, dogo na lisilo na joto la kumsaidia mtu, lilianza kuonekana tena. Aliingoja siku hiyo kwa hamu. Tufani ilikuwa imekata mawasiliano, na kwa muda wote huo hakusikia neno lolote kutoka kwao Tukuyu.

"Acha upuuzi wako," aliiambia kompyuta.

Alikuwa mlinzi wa kituo cha kuchimba barafu, na alikuwa peke yake. Kikosi kilichotangulia kilikwisha kurudi duniani, kikosi kingine kilikuwa bado safarini, na katikati yao shirika lilimwacha yeye akae na mitambo, aisikilize inavyonguruma na kuitia grisi inapodai. Mtu akiishi hivyo kwa miezi, huanza kuzungumza na chochote chenye taa.

Lakini onyo lile hakulipuuza, maana alikulia katika miaka ya wizi wa sura. Wakati ule mtu alikuwa akiibiwa kompyuta asubuhi, na jioni mwizi anawapigia ndugu zake kwa uso wake na sauti yake, anawaomba msaada. Watu waliumizwa sana, mpaka wakakoma. Wakaacha kuweka vitu vyao ndani ya kompyuta wanazotembea nazo. Kila kitu, picha, sauti, hati za shamba, kikawa kinakaa kwenye mashine ya nyumbani, na kompyuta ya mkononi ikabaki dirisha tu. Ukitaka kitu, unatoa ufunguo wako, unapachika folda ya nyumbani kwenye kompyuta yako, na inakaa hapo kama vile ni ya hapo hapo, kumbe yote iko mbali na inapita katika njia iliyofungwa ambayo hakuna wa kuchungulia. Ukimaliza unaipachua, na kompyuta inabaki tupu.

Huko kwao waliongeza na desturi yao. Folda ya familia waliiita Sebule, na hakuna aliyeingia Sebule kimyakimya. Unaweka kwanza sauti fupi ya kubisha hodi na kusalimia, ndipo unafungua cha kufungua. Vijana wa mjini waliwacheka kwa hilo, nao hawakujali.

Sekela akatuma swali kwa njia nyingine, ile ya shirika inayobeba maneno machache tu, amuulize mdogo wake Ambakisye kulikoni. Kisha akangoja. Kutoka Mirihi mpaka duniani ujumbe husafiri kwa muda wa kuchemsha chai, na msimu mwingine kwa muda wa kuivisha ndizi, kwa hiyo huko hakuna kuzungumza kwa kupokezana. Unasema yako yote, unakaa, unangoja.

Jibu lilipokuja lilikuwa la Amba mwenyewe. Alisema mashine ya zamani ilinyeshewa, paa la sebuleni linavuja. Amenunua nyingine, kubwa kidogo, na vitu vyote amevihamishia humo. Utambulisho wake ni jembe, mvua, kisigino, chungwa, ngazi, pilipili.

Kila mashine ilikuwa na maneno yake sita ya kujitambulisha, ambayo hakuna mashine nyingine duniani inayoweza kuyatoa. Sekela akayalinganisha na yale yaliyoandikwa kwenye kioo chake, neno kwa neno. Yalikuwa yale yale. Kwa hiyo upande wa pili palikuwa kweli nyumbani, na mlango ulikuwa kweli wa kwao. Akaikubali mashine mpya.

Kwa kuwa agizo la zamani la kuipachika Sebule lilikuwa na alama za mashine iliyokufa, alilifuta, akaandika jipya kwa mkono. Jina la nyumba, ufunguo wake, na mahali pa kupachika. Alikuwa na haraka, maana hamu ya kumsikia mama yake ilikuwa imemkaba. Akasahau kuandika neno moja mwishoni, Sebule. Na ukiacha pale pawazi, kompyuta haikuulizi kitu. Inachukua kwamba unataka kila ambacho ufunguo wako unakuruhusu.

Ufunguo wa Sekela ulimruhusu kila kitu.

*

Hilo lilikuwa kosa la siku nyingi, na lilifanyika jikoni, mbele ya mama yao, huku ndizi zinamenywa.

Wiki ya kuondoka kwake, shirika lilimtuma mtaalamu mpaka Tukuyu kuwafundisha. Alikuwa kijana mpole, na alirudia jambo moja mpaka likawachosha: mfungulieni folda moja tu, aweze kusikiliza na kuweka ujumbe wake, basi. Msimpe ufunguo wa nyumba nzima. Si kwamba hamumwamini, ni kwamba ufunguo ukipotea hasara iwe ndogo. Wakamwitikia, wakampa chai na magimbi, akaenda zake.

Alipotoka tu, Amba alisukuma kompyuta pembeni.

"Sasa mimi nimwekee dada yangu mpaka, kama mpangaji? Huku ni kwao."

"Amba, yule kaka anajua kazi yake," Sekela alisema. "Sebule inanitosha."

"Inakutosha wewe. Mimi watu wataniuliza, dada yako umemfungia vyumba kwa nini, mmegombana?"

Mama yao, Tulinagwe, hakuinua macho kutoka kwenye ndizi. "Mpe yote. Humu ndani kuna nini cha kumficha?" Kisha akainua macho, na ikawa bora asingeyainua. "Na wewe Sekela, hicho kichwa ndicho unaenda nacho huko? Hukuona chanuo?"

"Mama, huko nitakuwa peke yangu. Hakuna watu."

"Kwa hiyo pasipo watu ndipo mtu anaacha kuchana nywele. Nilikuzaa nikakulea ukaishie hivyo, kama mtu asiye na kwao."

Amba alicheka mpaka akakohoa, na ufunguo wa nyumba nzima ukatolewa. Sekela hakuutumia hata siku moja. Kila mara alipachika Sebule peke yake, kwa sababu ndivyo alivyoona inafaa, na kwa sababu ya yule kijana mpole.

Na sasa nyumba nzima ilikuwa mbele yake. Picha. Shamba. Kazi za Amba. Sebule ilikuwa pale pale, kati ya nyingine. Chini yake kulikuwa na folda ambayo hakuijua: Sauti ya Mama, majaribio.

Angeipachua wakati huo huo na kuanza upya, na hapo tusingekuwa na la kusimulia. Alijua kwamba anapaswa kufanya hivyo. Alijiambia kwamba jina la mama yake limeandikwa pale, na ya mama yake ni yake. Tena alikuwa na neno moyoni ambalo hakuwa amelisema hata kwa mitambo: tangu mama yake augue kifua kabla ya tufani, akapona, amekuwa mpole. Kila ujumbe ni mwanangu mpendwa, pumzika, Mungu akulinde. Sekela aliushukuru upole huo, na bado ulimkwaruza mahali fulani.

Akafungua faili la juu.

Ilikuwa sauti ya Amba. Alikuwa anasoma polepole, kama anayesoma mbele ya darasa. "Sekela mwanangu, hapa mvua zimekuwa nzuri, na ng'ombe yule mwekundu amezaa." Akavuta pumzi. "Hapana. Mama hasemi hivyo." Akaanza tena. Akaacha, akaanza tena. Kisha kukawa na mlio mdogo wa mashine, na maneno yale yale, kwa mwendo ule ule na mvuto ule ule wa pumzi katikati, yakatoka kwa sauti ya mama yake.

Faili halikuishia hapo, maana Amba alisahau kulizima. Alisikika analia. Si kilio cha juu, ni kile cha mtu aliyezoea. Kisha sauti ya Shangazi Tupokigwe, dada wa baba yao, ikatokea mbali kidogo.

"Amba, pumzika baba. Tutatuma kesho."

"Kesho atauliza, shangazi. Anauliza kila siku."

"Basi lala. Mgongo wako huo na huo mkeka."

"Tungeanua matanga, ningelala kitandani."

"Unajua kabisa hatuanui mtoto mmoja akiwa hajaambiwa. Na kuambiwa akiwa peke yake, haiwezekani. Tutangoja kikosi kifike kwake. Yule kiongozi wao amekubali, atamshika mkono ndipo amwambie."

Hapo sauti ikakatika.

Sekela alisikia kelele ndani ya kituo, na ilimchukua muda kujua kwamba ni yeye. Alimlilia mama yake huku ameshika ukingo wa meza. Kwao, mtu akipata habari kama hii, wanawake wawili humshika mikono, mwingine humfunga kitenge kiunoni, mwingine hukaa nyuma yake ili akianguka asianguke chini. Yeye alianguka chini. Mitambo ya kituo ikahisi mapigo ya moyo wake, na sauti ya kupendeza ikamuuliza kutoka darini kama anahitaji hewa zaidi.

"Hapana," Sekela alijibu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumjibu.

*

Hakuwakasirikia, na hilo lilimshangaza. Alijua walichofanya na alijua kilikotoka. Baba yao alipofariki, Sekela alikuwa chuoni Morogoro, na hakuna aliyempigia simu. Shangazi Tupokigwe alipanda basi, akasafiri kutwa, akamkuta bwenini, akakaa kitandani kwake na mkoba mapajani. Akamwambia tu baba anaumwa, twende nyumbani. Walishikana mikono njia nzima, na walipofika kona ya kanisa Sekela alikuwa ameshajua, lakini alijua akiwa ameshikwa. Katika ukoo wao hapakuwa na mtu aliyewahi kupata msiba akiwa peke yake. Hawakuwa na namna ya kulifanya jambo hilo kwa njia nyingine, na Shangazi hakuwa na basi la kumleta Mirihi.

Alipopata nguvu ya kukaa, alirudi kwenye kioo apachue nyumba. Mwisho wa folda ile kulikuwa na faili moja ambalo halikuwa jaribio. Lilirekodiwa kwenye mashine ya zamani, katika siku ambazo mama yake alikuwa anaumwa. Jina lake lilikuwa Ya Sekela, akirudi.

Alilitazama mpaka macho yakamuuma. Ndani yake mlikuwa na mama yake wa kweli. Ilikuwa ni kugusa tu. Na ilikuwa yake, iliandikwa jina lake. Lakini haijatolewa. Mtu aliyeingia chumbani kwa watu wasipojua, akakuta zawadi yake imefichwa kabatini, akiichukua ataitwa nani? Alikuwa ameshafungua moja lisilo lake, na lilikuwa limemgharimu mama. Akaipachua nyumba yote, akaandika agizo upya, na safari hii hakusahau neno la mwisho.

Sebule ikafunguka. Ndani yake kulikuwa na ujumbe mpya wa Mama, uliokuwa umemngoja tangu tufani.

Akausikiliza. Tusimhukumu haraka. Aliusikiliza, akaurudia, akabisha hodi na kujibu: "Shikamoo mama. Huku sijambo."

Ikawa hivyo kwa siku nyingi. Asubuhi alikagua mabomba ya barafu, mchana alifuta vumbi kwenye vioo vya kunasa jua, na kila mawasiliano yalipofunguka alipachika Sebule na kumsikiliza marehemu mama yake akimuuliza kama amekula. Alijua ni Amba. Alijua kila pumzi ni ya Amba. Na bado sauti ilipotoka, mwili wake ulilegea kama zamani, na upweke ukasogea kando kidogo. Alichagua hivyo kila siku, na kila siku alijiambia kwamba ni kwa ajili yao, asije akawavunjia heshima ya wema wao. Huo ulikuwa uongo, naye alijua. Akisema anajua, sauti ile itanyamaza, na atabaki na mitambo miezi yote iliyobaki. Akinyamaza, Amba ataendelea kulala kwenye mkeka chini ya paa linalovuja, na ndevu asizonyoa kwa sababu ya msiba, akimuazima marehemu pumzi zake kila siku. Mizani ilikuwa wazi kabisa. Alichokosa ni ujasiri wa kuitazama.

Siku moja alijaribu jambo. "Mama," alisema kwenye ujumbe wake, "nywele sijazichana tangu tufani. Zimekuwa mkeka mtupu."

Akangoja jibu kama mtoto aliyevunja chungu makusudi. Sauti ya mama yake ikaja, laini: "Nywele ni zako, mwanangu. Wewe jipumzishe."

Sekela akacheka kwa nguvu, na kicheko kikageuka katikati. Amba aliweza kuiga kila kitu cha mama yao isipokuwa ukali. Hakuwa na moyo wa kumfokea dada yake, hata kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kilichommaliza kilikuja baadaye kidogo. Alipachika Sebule kama kawaida, akabisha hodi, akafungua ujumbe wa Mama. Ukaanza: "Sekela mwanangu." Ilikuwa sauti ya mwanamume. Ilikuwa imechoka sana, imekauka, inasoma kama anayesoma usingizini. "Sekela mwanangu, leo nimeamka vizuri." Amba alikuwa amekosea faili. Aliweka lile lake badala ya lile lililopitishwa kwenye mashine.

Sekela hakugusa kitu. Baada ya muda, mbele ya macho yake, faili likatoweka Sebuleni, na mahali pake likaja lingine, la jina lile lile, lenye sauti ya mama.

Ndipo akamwona mdogo wake waziwazi, kana kwamba kidirisha cha kituo kimefunguka Tukuyu. Amekaa mkekani mbele ya mashine mpya, ameshika kichwa, anahesabu kama dada yake aliwahi kusikia au hakuwahi. Na hana wa kumuuliza. Kati yao wawili, wakati huo, aliyekuwa peke yake zaidi hakuwa yule aliyekuwa Mirihi.

*

Hakumtumia Amba neno. Alianza na Shangazi Tupokigwe, kwa ile njia ya shirika, na maneno yalikuwa machache kwa sababu njia yenyewe ni nyembamba: Shangazi shikamoo. Nenda nyumbani ukakae na Amba. Nenda na watu. Mkishakaa naye, ndipo afungue Sebule, si kabla.

Shangazi alikuwa ameishi miaka mingi ya kupeleka habari kwa watu. Hakuuliza kwa nini. Jibu lake lilifika na chai ikiwa bado haijapoa:

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Naenda na kina mama wa kwaya, na Mchungaji atatukuta. Na wewe huko, nani yuko na wewe?

Sekela aliliacha swali hilo. Akakaa mbele ya kioo, akawasha kinasa sauti.

"Hodi," alisema. "Amba, mdogo wangu. Shangazi yuko hapo? Mwambie akukalie karibu. Mimi najua. Nimejua tangu ulipobadilisha mashine. Niliandika agizo nikasahau kuandika Sebule, nyumba yote ikafunguka, nikaingia chumbani kwenu bila hodi na nikasikia nisichopewa. Naomba unisamehe. Halafu nikakaa kimya, nikakuacha uendelee, kwa sababu nilitaka kuendelea kumsikia. Hilo ndilo kubwa zaidi, nalo naliombea radhi peke yake." Akajifuta machozi kwa mkono. "Ulifanya vizuri, Amba. Hakuna ndugu aliyefanyiwa hivi. Lakini sasa basi. Usinitumie tena sauti ya mama. Anueni matanga. Nyoa ndevu, ulale kitandani, umwite fundi wa paa. Mimi nimeshaambiwa. Ulikuwa wewe uliyeniambia, hukujua tu."

Akaiweka Sebuleni, na ikaondoka. Hakuna kitu kirefu kama muda ule. Chai ilichemka, ikapoa. Mashine ya barafu namba tatu ikalalamika, akaenda kuitia grisi, akarudi. Hakukuwa na kitu. Alijua kwamba mama yake hatamuuliza tena kama amekula, na chumba kikawa kikubwa ghafla. Alijuta. Tuseme ukweli: kwa muda fulani alijuta kabisa, angeweza angeukimbilia ujumbe wake njiani akaurudisha.

Kisha Sebule ikatikisika, na sauti ya Amba ikaja. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wanalia, kilio cha juu cha nyumbani, kile cha kuanza upya.

"Dada," alisema, na ikambidi aanze tena. "Dada, shikamoo. Nilidhani utanichukia. Nimechoka, dada. Nimechoka sana. Nashukuru." Mtu akamnong'oneza, naye akasema, "Ndiyo shangazi, namwambia. Dada, Shangazi anakataa. Anasema hatuwezi kuanua matanga na wewe umekaa peke yako kwenye msiba. Anasema kama hatuwezi kuja, tufungulie. Nifungulie na mimi folda huko kwako. Yoyote. Tutaipachika hapa sebuleni."

Sekela alitazama kompyuta yake. Haikuwa na kitu, kama kompyuta za watu wote. Akatengeneza folda moja tupu, akaiita Mkeka. Akamkumbuka yule mtaalamu mpole na wosia wake wa folda moja tu. Kisha akatengeneza ufunguo wa kompyuta yake nzima, akamtumia Amba pamoja na yale maneno sita ya utambulisho, ayasome kwa sauti mbele ya wote wayahakikishe. Humu ndani kulikuwa na nini cha kuwaficha?

Akatandika blanketi sakafuni. Akakaa chini, miguu ameinyosha, mgongo ukutani, jinsi wanawake wanavyokaa msibani. Folda ilikuwa wazi mbele yake, tupu.

Alikaa hivyo mpaka shingo ikamuuma. Kisha faili moja likatokea. Jina lake: Shangazi Tupokigwe. Akalifungua, na hakukuwa na maneno. Ilikuwa sauti ya mtu anayejishusha polepole mkekani, magoti yanalia, kisha kuhema, kisha kukaa tu. Alikuwa amekuja kukaa. Likatokea la pili, Mama Lugano wa mashine ya kukoboa, akasema pole mwanangu, akakaa. La tatu. Kwaya ya kina mama, wote pamoja, wanajibana ili wapate nafasi, mmoja anamwambia mwenzake asogee, Sekela naye apate pa kukaa. Mchungaji. Jirani waliyekuwa wanagombania naye mpaka wa shamba. Yalikuja moja moja, yakijaza folda kutoka juu kwenda chini, na Sekela aliyafungua yote kwa pamoja na kuyaacha yakipumua. Akalia vizuri, kilio cha mtu mwenye watu. Sauti ya darini ikauliza tena kuhusu hewa, na hakuijibu.

La mwisho liliwekwa na Amba, kwa mkono wake. Lilikuwa na jina alilolijua. Amba alikuwa amefuta neno moja, limebaki Ya Sekela.

Akalifungua. Kulikuwa na kukohoa, kukohoa kwa kweli, kisha kitanda kikilia.

"Amba, imewaka? Mbona sioni taa. Haya. Sekela, mimi mama yako. Wakikuficha usiwagombeze, mimi ndiye niliyewaambia mtu asikuambie ukiwa peke yako. Nilisema ungoje upate watu. Kwa hiyo kama unanisikia, una watu, na mimi nimeridhika." Akakohoa tena. Aliporudi, sauti ilikuwa kali, ile ile ya jikoni. "Sasa hao watu wamekukuta na kichwa gani? Maana nakujua. Usiniaibishe mbele za watu, wewe mtoto. Chanuo nililiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, ule wenye zipu, na nina hakika hujawahi hata kuufungua."

Sekela alikaa kidogo na wale waliokuja kukaa naye. Kisha akainuka, akaenda kwenye begi, akafungua zipu.